Mashuka Yanayonukia Iliki

Kwanza nikiri: uyoga uliota. Uliota kwenye mguu wa kitanda cha banda namba mbili, mweupe, mnene, umetulia kama uliopandwa. Mgeni aliyeuona alikuwa mama mmoja mtafiti wa vyura. Aliupiga picha kwa furaha, akaniita nikautazame. Mumewe hakuwa na hamu ya kutazama. Alikuwa nje ameshika begi, anauliza gari la Muheza linaondoka saa ngapi.

Mimi ni mhasibu wa kikundi cha kijiji chetu, huku Usambara Mashariki, pembeni ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Tuna mabanda manne ya wageni, jiko na vyoo, vyote mali ya kijiji. Namna tulivyopata kiwanja na vibali siisimulii, ni vikao tu. Ninachotaka kusimulia ni unyevu, maana kabla hatujajenga tulionywa kuhusu nyoka, wezi na wageni wasiolipa, lakini unyevu hakuutaja mtu.

Huku juu mvua haifuati kalenda. Kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, na siku isiponyesha unashuka ukungu. Ndiyo maana msitu upo, na ndiyo maana Mto Zigi unawapa maji watu wa Tanga mjini. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902 walileta miti ya kila pembe ya dunia, na mingi ilishika. Huku kila kitu kinashika. Godoro la sponji ukiliacha wiki mbili bila kuliinua, nalo linashika.

Sasa mtaalamu aliyetushauri namna ya kujenga. Aliletwa na mradi fulani, akakaa kwetu siku mbili, zote za jua, bahati mbaya. Akatuambia wageni wanataka nyumba "ya kisasa": ukuta wa saruji, madirisha madogo kwa ajili ya mbu, dari iliyozibwa vizuri, rangi ya mafuta mpaka juu. Tukamtii kama watoto wa shule. Nyumba ya marehemu bibi yangu ilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, upepo unapita, moshi unatoka, na sikumbuki kuona kitu chochote kikiota humo. Lakini bibi hakuwa na kompyuta ya mapajani.

Na vitanda? Hapo kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Niliona mbao za mhesi ni rahisi, nikajiona mjanja wa kubana matumizi. Mhesi si mti wa msitu huu. Uliletwa, sasa hondohondo wanakula matunda yake na kumwaga mbegu kila palipoanguka mti, ndiyo maana umejaa. Mbao zake zikikutana na unyevu haziombi muda. Ule uyoga ulikuwa wa kwangu.

Marekebisho ya mabanda yalikuwa mepesi kuliko nilivyoogopa. Tulitoboa uwazi chini ya paa na kuweka wavu, tukakwangua rangi ya mafuta na kupaka chokaa, vitanda tukatengeneza upya kwa mbao ngumu. Laki tano, sita hivi, ukiweka na soda za mafundi. Kuta zikaanza kupumua.

Mashuka ndiyo yaliyonitoa jasho. Shuka la kitanda kikubwa, ukilifua Jumatatu na kulianika chini ya paa, Alhamisi bado limepoa kama samaki, na limeshaanza uvundo. Nikajaribu kuyashusha Muheza kwa bodaboda, kule chini kuna jua. Yalikauka kwa saa moja! Nikamlipa kijana, akayapandisha mlimani ndani ya kiroba, akakutana na mvua kwenye kona za juu. Yakafika yamelowa kuliko yalivyoondoka, na sasa yana tope jekundu. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida ya chumba, na nyingine nikaongezea kutoka mfukoni mwangu. Kwenye daftari niliandika "usafiri wa vifaa".

Ndipo nikakumbuka kaushio la iliki la shangazi. Wakulima wengi hapa wana kibanda cha kukaushia: kuta za udongo, ndani vichanja, moto chini. Msimu wa iliki ukipita hukaa bure. Sikumuuliza. Aliposafiri kwenda msibani niliingia na mashuka yote, nikayatandaza juu ya vichanja, nikakoka moto mkubwa wa kuni za mkaratusi, nikafunga mlango na kwenda kunywa chai nikijisifu. Nilikunywa vikombe viwili. Nilipofungua, yalikuwa makavu kabisa, hilo silikatai. Yalikuwa pia na rangi ya chai ya maziwa, na harufu kama ya mtu aliyepakwa dawa ya mafua kisha akabanikwa. Mgeni wa usiku ule aliniuliza kwa upole kama kijijini kumeungua nyumba.

Shangazi aliporudi alinusa kibanda chake kabla hata hajaweka mzigo chini. Nikamwambia shikamoo. Akanyamaza, akazunguka, akatoka na kipande cha mkaa mkononi.

"Marahaba. Wewe mwanangu hesabu umesoma, kukausha hujasoma."

Akanionyesha, na nikaona aibu jinsi lilivyo jambo dogo. Moto unawashwa alfajiri, kuni zikiwa kavu kweli, mlango wazi, moshi uende zake. Saa nne hivi makaa yamefunikwa na jivu, hakuna moshi hata chembe, na kuta za udongo zimenywa joto. Hapo ndipo mashuka yanaingia, yakiwa yameshakamuliwa na watu wawili, kila mmoja upande wake. Juu unaacha tundu moja la kutolea mvuke; ukiziba lote unayapika. Alasiri unaanua. Na kwa kuwa kwenye vichanja hubaki maganda ya iliki, mashuka yanatoka na harufu nzuri ambayo hakuna sabuni inayoweza kuileta.

Wageni hapa huja kutafuta vinyonga wenye pembe tatu, na lile ua dogo la zambarau, Saintpaulia, ambalo Mjerumani mmoja alilipeleka kwao mwaka 1892 na sasa limejaa madirishani Ulaya. Lakini kwenye kitabu chetu cha wageni, kurasa tatu mfululizo zinasifu mashuka. Mmoja aliuliza tunanunua wapi hayo manukato. Nikamwambia ni siri ya familia.

Siri yenyewe inalipiwa. Shangazi anatutoza kwa shuka, foronya mbili huhesabiwa shuka moja, na hakopeshi kikundi. Jana amenitumia ujumbe: iliki zimeanza kukomaa, kaushio lina kazi, mashuka yasubiri zamu. Nina mashuka kumi na mbili yamelowa hapa kibarazani, na wageni wanne wanaingia Ijumaa.