Siku moja maishani mwangu: mlinzi wa punje

Saa 12:00 asubuhi. Mvua imenyesha usiku kucha, kwa hiyo kabla hata ya kuvua koti naingia chumba cha kuongozea mitambo yetu ya kusafishia majitaka. Kijana wa zamu ya usiku ananisubiri mlangoni. "Shikamoo, mama. Tangi la pili linatoa vitu vyeupe tangu saa tisa." Marahaba, twende tukaone.

Kwenye mfereji wa kutokea maji kweli kuna unyuzinyuzi unaelea. Nachota ndoo moja, naimwaga juu ya chekeche la matundu ya milimita 0.2. Vinabaki vinywele viwili vitatu tu, basi. Roho inatulia: kilichotoka ni tope jepesi la bakteria, punje zenyewe zimebaki tangini.

Punje ndizo mali yetu. Kwenye mitambo iliyozoeleka, bakteria wanaosafisha majitaka hushikana wakawa mabonge laini yanayozama polepole, na lazima yajengewe matangi makubwa ya kutulizia. Hapa wamejikusanya wenyewe kuwa vijipira vigumu vinavyozama upesi, ndizo punje, na kazi yote inafanyika ndani ya tangi moja, kwa zamu: majitaka yanaingizwa chini taratibu huku yakisukuma maji yaliyokwisha kusafishwa yatokee juu, kisha hewa inapulizwa, kisha tope linatulia. Mvua ikizidi, mzunguko hufupishwa na maji hupanda kwa kasi. Hapo chochote chepesi hubebwa.

Saa 1:00. Machujio ya mbele yamejaa matambara na nywele. Tunayasafisha.

Saa 2:15, maabara. Namimina tope kwenye silinda ya lita moja na kuanza kuhesabu dakika. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote kwa sababu unaona kwa macho: punje zinashuka kama mchanga, na juu yake maji yanafunguka. Dakika ya 5, tope limeshuka hadi mililita 290. Dakika ya 30, mililita 260. Tope la mabonge dakika ya 5 lingekuwa bado linaning'inia karibu na juu. Lita hii ina gramu 7 za tope kavu, kwa hiyo kila gramu imechukua mililita 37 hivi. Nimeridhika.

Chini ya hadubini punje ni za manjano iliyokolea, mviringo, na pembeni yake vimeota viumbe wenye shina na kichwa cha kengele, wanaojikunja ukigusa kioo.

Saa 3:40. Mwanafunzi wetu wa mafunzo ananiuliza kwa nini tusirefushe muda wa kutuliza ili hata hayo mepesi yazame. Swali zuri, na jibu lake ndilo moyo wa kazi hii. Muda mfupi wa kutulia ndio unaochuja. Ukiurefusha, unayahifadhi mabonge mepesi, nayo yatakula chakula cha punje mpaka siku moja tangi zima ni mabonge. Nikaamua kinyume: mizunguko miwili ijayo tutoe tope la juu zaidi, lile linalochelewa kuzama.

Saa 5:00. Nachukua sampuli mbili za fosforasi, moja mwisho wa kulisha, yaani kuingiza majitaka, na nyingine mwisho wa hewa. Wakati wa kulisha hakuna hewa, na bakteria tunaowataka hula asidi nyepesi za majitaka na kuziweka akiba mwilini. Nguvu ya kufanya hivyo wanaipata kwa kuachia fosfati. Nikitia dawa inayoonyesha fosfati, chupa ya kwanza inageuka buluu nzito. Ya pili ni nyeupe karibu kama maji ya kunywa, kwani hewa ilipofika wameinyonya yote na zaidi. Bakteria hawa hukua polepole, na ndio wanaofanya punje iwe ngumu. Namwambia mwanafunzi kwamba Mark van Loosdrecht na wenzake wa Delft, Uholanzi, walilifanyia kazi jambo hili miaka mingi kabla ya mitambo mikubwa kama ya Gansbaai, Afrika Kusini, na ya Epe, Uholanzi.

Saa 8:30 mchana. Amonia inashuka vizuri. Ikikaribia kuisha napunguza hewa, maana oksijeni nyingi ikipenya hadi ndani ya punje, bakteria wa kiini hawatakuwa na sababu ya kutumia naitreti, ambayo amonia imegeuzwa kuwa, nayo itatoka na maji. Umeme pia unaokolewa.

Saa 10:00 jioni. Tope jepesi limetolewa mara mbili. Narudi mfereji uleule na ndoo ileile.

Saa 11:50. Kijana amerudi zamu. Naiweka ndoo chini ya taa. Tunainama wote wawili, na alama ya mtengenezaji iliyochongwa kwenye kitako chake inasomeka herufi kwa herufi.