Mbuzi hana mtulinga

Mimi ni mtu wa bucha. Nina kibanda changu Nkuhungu, hapa Dodoma, na mwaka huu ni wa kumi na tisa tangu nishike kisu, kwanza kwa mtu, baadaye kwangu mwenyewe. Nalitanguliza hili ili ujue kiburi changu kilitoka wapi siku binti yangu wa kidato cha tatu aliporudi nyumbani na karatasi yenye picha ya mtu aliyebaki mifupa mitupu. Mistari imetoka kila upande wa mwili wake, na mwisho wa kila mstari kuna nafasi ya kujaza jina. Jaribio lilikuwa Jumatatu.

"Mifupa?" nikamwambia. "Hapo umefika kwa mwenyewe."

"Baba, hii ni ya binadamu."

"Mfupa ni mfupa."

Akanitazama kama mama yake anavyonitazama ninaposema pikipiki itafika na mafuta hayo hayo yaliyomo.

Jumamosi nilikwenda mnadani Msalato kama kawaida. Mtu wa kazi yangu asipofika Msalato Jumamosi, ajue wiki yake imekwisha kabla haijaanza. Jumapili alfajiri, kabla watu wa ibada ya kwanza hawajatoka, nikamwita bucha na karatasi yake. Mbuzi mmoja alikuwa bado ananing'inia mzima. Nikamwambia leta kidole chako, tuanze shingoni.

Pingili za shingo tulipata saba. Akatazama daftari: binadamu saba. Nikacheka, si nilisema? Akasema hata twiga ana saba. Hapo nikamwambia asinitanie, maana twiga namjua, ndiye mnyama wa taifa wa nchi hii, na shingo yake haiwezi kuwa na hesabu moja na ya mbuzi wangu. Kumbe ndivyo ilivyo. Saba zile zile, ila pingili moja ya shingo ya twiga inaweza kupita sentimita 25. Ya mbuzi unaificha kwenye ngumi. Nililikubali shingo upande, kisha tukateremka mbavuni.

Mbavu ndiko nilikomponza mtoto.

Tulihesabu mara mbili, nimemshika kidole kabisa, ubavu mmoja mmoja. Kumi na tatu kulia, kumi na tatu kushoto. Daftari lake limeandikwa jozi kumi na mbili. Nikamwambia mwalimu amekosea au yeye hakunakili vizuri. Akasema mbuzi ni mbuzi, mtu ni mtu. Nikasema basi tuhesabu mtu. Kwangu haikuwezekana, kuna kitambi. Mchana nyumbani tukamvua shati mdogo wake wa miaka tisa, ambaye mbavu zake unaziona ukiwa ng'ambo ya barabara. Tukapata kumi. Tukarudia, akacheka kwa mtekenyo, tukapata kumi na moja. Wa kwanza kabisa umejificha juu, huwezi kuupapasa kwa urahisi, na jozi mbili za mwisho zinaelea, hazijashikana na kitu upande wa mbele. Binti yangu akanieleza: jozi saba za juu zimeungana na kidari moja kwa moja, tatu zinazofuata zimeegemea gegedu, yaani mfupa laini, la mbavu ya juu yake, mbili zinaelea. Saba na tatu na mbili. Hesabu yake imekaa sawa, lakini mimi macho yangu yalikuwa yameona kumi na tatu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa, amekaa zake pembeni anapeta mtama. Akasema mnahangaika bure, mwanamume ana ubavu mmoja pungufu, uliondolewa kwa Adamu. Binti akafungua mdomo kueleza kwamba wanaume na wanawake wote wana jozi kumi na mbili. Nikamkanyaga mguu. Mama mkwe habishiwi mbele ya mkwewe, hata kwa mambo ya mbavu.

Jioni tulirudi bucha kwa ajili ya miguu. Hapa ndipo nilipoanza kujiona mgeni kwenye kazi yangu. Mguu wa mbele wa mbuzi sisi wauza nyama tunauita mkono. Mteja anasema "nikatie mkono kilo mbili," hakuna anayeshangaa. Nilidhani ni jina tu. Binti akaushika ule mkono, akaweka kidole juu: "Bega hili. Kiwiko hiki, kimekaa huku juu karibu na kifua. Sasa baba, hapa unapopaita goti la mbele ni wapi?" Nikasema goti. Akakunja mkono wake mwenyewe, akanionyesha anapovaa saa. Goti la mbele la mbuzi ni kifundo cha mkono! Chini ya hapo ni kiganja, mifupa yake imeungana ikawa fimbo moja, na zile kwato mbili ni kucha za vidole viwili. Nyuma vivyo hivyo: kile kinachochomoza kama kiwiko kilichogeuka ni kisigino. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole maisha yake yote. Na ng'ombe ni vile vile, kwa hiyo supu ya makongoro ninayokunywa kila Jumatatu asubuhi ni supu ya viganja na nyayo. Sijaiacha, lakini siku hizi naiangalia kidogo kabla ya kunywa.

Akanionyesha na jambo jingine. Kati ya kiwiko na kifundo cha mkono sisi tuna mifupa miwili inayopishana. Geuza kiganja juu, geuza chini: mmoja unamzunguka mwenzake. Kwa mbuzi miwili hiyo imeshikana, hawezi kugeuza. Nikasema ndiyo maana mbuzi haombi, anachukua.

Sasa mtulinga. Kwenye picha kulikuwa na mfupa mwembamba umelala kutoka juu ya kidari hadi begani, kulia na kushoto. Mwalimu anautaka kwa Kiingereza, na jina lenyewe asili yake ni Kilatini, klavikula, maana yake ufunguo mdogo. Binti alichungulia kamusi akakuta kwa Kiswahili ni mtulinga. Neno lenyewe mimi sikuwahi kulisikia. Nikamwambia kwa uhakika wote wa miaka kumi na tisa kwamba mfupa huo haupo, mchoraji kaubuni.

Na nilikuwa na ushahidi. Ukitaka kutenga paja la nyuma lazima ukitafute kiungo cha nyonga, mpira ndani ya kikombe, ukikikosa utapiga shoka hadi jasho likutoke. Mkono wa mbele hauna kazi. Unaupitisha kisu kati ya kombe la bega na mbavu, unakata nyama tupu, mkono unabaki mkononi mwako. Hakuna mfupa hata mmoja unaoushika kwenye kiwiliwili. Nikamwonyesha hapo hapo. Pembeni kulikuwa na mteja anasubiri utumbo, akaniunga mkono.

Binti hakubishana. Alininyooshea mkono, akaniwekea kidole juu ya kifua upande wa kushoto, chini kidogo ya shingo, kwenye nundu yangu.

Nundu hiyo ninayo tangu nina miaka kumi na miwili. Huko kwetu Bahi mibuyu mikubwa hupandwa kwa vigingi vilivyopigiliwa kwenye shina, unakanyaga kimoja kimoja kama ngazi. Nilikuwa nafuata ubuyu. Kigingi kimoja kilioza. Nilianguka kwa bega, nikasikia ka! mwilini mwangu kabla sijasikia maumivu. Mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa akiunga mifupa alinipapasa, akanivuta mabega nyuma, akanifunga kaniki mgongoni, na mama akanining'inizia mkono kwa khanga yake shingoni. Nilikaa hivyo wiki nyingi, nikilishwa ugali kama kifaranga. Ukapona, ukaacha nundu, kwa sababu mfupa uliovunjika huzungushia ufa wake mfupa mpya, na mwili huusawazisha taratibu, wakati mwingine usiumalize. Kwa miaka yote nikiulizwa nasema "niliumia hapa begani". Sikuwa na jina lake. Nimekata mifupa ya maelfu ya wanyama na ule mmoja uliovunjika kwangu ndio nikasema haupo.

"Umevunjika ukaunga," binti akasema, "kisha unaukana."

Sikuwa na la kujibu. Yule mteja wa utumbo naye akaanza kujipapasa.

Tulikaa hadi giza linaingia akinisomea. Mtulinga ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono wa mtu na kiwiliwili chake, kwa hiyo ukianguka kwa bega au kwa kiganja, nguvu yote inapita hapo. Ni kati ya mifupa inayovunjika mara nyingi. Mbuzi, ng'ombe, kondoo, punda hawana. Mkono wao umebebwa na misuli tu, kombe la bega linateleza mbele na nyuma, hatua inakuwa ndefu. Mtu anauhitaji kwa sababu anapanda, anarusha, ananing'inia, na lazima kitu kiutegemeze mkono ukae mbali na mbavu. Yaani ule mfupa ulioniwezesha kuupanda mbuyu ndio uliovunjika nilipoanguka.

Nisije nikaonekana sikumsaidia kitu. Kuna swali alilipata kwa sababu yangu. Kitabu kilieleza mifupa mirefu inavyokua karibu na ncha zake, kwenye gegedu, mpaka mtu anapokomaa, na yeye alikuwa anakariri bila kuelewa. Nikachukua mfupa wa mguu wa mbuzi mchanga, nikaukunja, ncha ikachomoka safi kama kifuniko cha chupa. Wa beberu mzee nikaukunja, haukukubali. Hivyo ndivyo ninavyomtambua mtu anayeniuzia mzee akidai ni mtoto, mbali na meno. Macho yakamtoka. Nikampa pia mfupa ulioangukia kwenye moto wa mkaa: mweupe, umbo lake lote lipo, ukiuminya unakuwa unga. Ule ulio mbichi unagoma. Akasema sasa nimeelewa, moto umeondoa kile kinachoushika pamoja, imebaki chokaa yake.

Jaribio lilikuwa la maswali ishirini. Alipata kumi na sita. Matatu alikosa kwa akili zake mwenyewe. La nne lilikuwa la mbavu: aliandika jozi kumi na tatu. Nilimuuliza kwa nini, wakati daftari alilijua. Akasema alipofika pale alikumbuka nimemshika kidole tukihesabu. Pembeni mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu: "Za mnyama gani?"

Nilitaka kwenda shuleni kumweleza mwalimu. Mke wangu akaniuliza nitamweleza nini hasa.

Badala yake binti akanitungia mimi jaribio, maswali ishirini nyuma ya kalenda ya zamani, akaniweka mezani na kunikataza kujipapasa. Nilipata tisa. Jumla ya mifupa ya mtu mzima ni 206. Niliandika 300, na akaniambia hapo ningekaribia kama ningekuwa mtoto mchanga, maana mtoto huzaliwa na vipande karibu 300, vingi vikiungana kadiri anavyokua. Fuvu pamoja na uso ni mifupa 22. Niliandika miwili, fuvu na taya. Mdogo kuliko yote uko ndani ya sikio, una urefu wa milimita tatu hivi, na huo sikutarajiwa kuujua kwani vichwa nauza vizima kwa jirani wa supu. Mrefu kuliko yote ni wa paja, nilipata. Kifandugu nilipata. Pia ya goti nilipata. Lililoniuma ni la viganja na nyayo. Aliuliza mifupa mingapi ipo kwenye mikono miwili kuanzia kifundo na miguu miwili kuanzia kifundo. Niliandika arobaini nikiona nimezidisha. Ni 106. Zaidi ya nusu ya mifupa yote ya mtu iko kwenye viganja na nyayo zake, sehemu ambazo kwenye bucha yangu huwa naziuza kwa bei ya chini kabisa.

Mtulinga nilipata. Nilikuwa nimeshika nundu chini ya meza, na akaniona, ila alinipa maksi.

Jumamosi iliyofuata nikawa tena Msalato. Jua kali, vumbi, mzee mmoja ana madume matatu mazuri. Nikamshika mmoja, nikatazama meno, nikapima mgongo, halafu bila kufikiri nikajikuta nimeingiza vidole kati ya shingo na bega lake, napapasa huku na huku. Mzee akanivumilia, mwisho akauliza natafuta nini.

"Mtulinga," nikasema.

Akamvuta mbuzi wake kwa hasira. "Wa kwangu hawana ugonjwa huo. Laki na ishirini, unachukua au huchukui?"