Jinsi nilivyoipata tofauti ya shilingi 27,000 katika hesabu za jioni

Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo ya likizo ndefu, katika tawi la benki moja jijini Mwanza, jumla ya fomu za kuweka fedha ilipishana na ile ya mfumo kwa shilingi 27,000. Kuhesabu upya noti, ambazo nyingine hunukia dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, hakukusaidia, wala kujumlisha fomu upya. Kilichofaa ni kuigawa tofauti kwa 9: ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Jibu lilikuwa 3,000, yaani tarakimu za makumi elfu na za maelfu zinazopishana kwa 3. Nilikagua nafasi hizo tu, nikaikuta fomu ya 374,000 iliyoingizwa kama 347,000, na msimamizi akaidhinisha marekebisho.