Mizani ilisoma 184.50, kompyuta ikaandika 84.50

Kama umewahi kupita barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu basi Isyonje unaijua, ile baridi yake na viazi vilivyopangwa pembeni ya lami. Huko juu ukitaja mizani watu wanakumbuka lumbesa, yaani gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kichwa, linashonwa kwa kamba, afu mkulima analipwa gunia moja. Watu wamepigania miaka mingi mazao yapimwe kwa kilo. Kwa hiyo mkulima akipandisha mwenyewe magunia yake pale kwenye mizani anakuwa anaamini kitu, na mimi ndio niliyeandika programu ya kusoma kile kitu, nataka niwaeleze nilikosea wapi maana najua kuna vijana wengine wanaandika hivi hivi sasa hivi.

Kituo kimoja cha kununulia viazi walinunua mizani ya jukwaa ya kilo 300, unapandisha magunia mawili kwa mpigo, ina indiketa yake, yaani kile kisanduku kinachoonyesha namba, na nyuma ya indiketa kuna poti ya siriali ya pini tisa, tundu la kutolea data kwenda kompyuta. Kazi niliyopewa ni kwamba uzito uingie wenyewe kwenye kompyuta, karani abonyeze Hifadhi, risiti itoke. Nikaandika kwa lugha ya programu ya C#, nikajaribu nyumbani wiki nzima, ikawa safi kabisa, nikaenda nikafunga.

Siku ya tatu akaja mama mmoja mtu mzima na magunia mawili. Yakapandishwa, risiti ikatoka, 84.50. Akaisoma amesimama pale pale, akaikunja, akaikunjua tena. "Mwanangu," akamwambia karani, "haya magunia nimeyajaza kwa mikono yangu, hizi themanini ni za gunia moja, la pili limeenda wapi?" Karani akageuka kuangalia indiketa, magunia bado yapo juu, namba nyekundu zinasoma 184.50. Kilo mia nzima. Wakamrekebishia, akasema ndaga, yaani asante, akaenda zake. Mimi nilikuwa Uyole, nikapigiwa simu, nikapanda Hiace ya kwanza kwenda juu.

Bahati karani alikuwa bado anaandika na daftari lake pembeni kwa mazoea, tukakaa tukalinganisha risiti zote za siku tatu na daftari, tukakuta wengine wawili waliopunjwa hivyo hivyo. Walipigiwa wakaja kuchukua hela yao. Bila lile daftari tusingejua kamwe.

Sasa tatizo lenyewe. Ile mizani inatuma sentensi moja mara kumi hivi kwa sekunde, na sentensi iko hivi: ST,GS,+0184.50kg halafu baiti mbili zisizoonekana za kumalizia mstari, CR na LF (hapa kila herufi ni baiti moja). ST maana yake uzito umetulia, ukiwa bado unacheza inaandika US, na GS ni uzito wote bila kutoa chochote. Jumla baiti 18. Nilichofanya mimi ni kile ambacho karibu kila mtu anaanza nacho, nikatumia tukio la DataReceived, linaloiamsha programu data ikifika, ndani yake nikaita ReadExisting, inayosoma chochote kilichokwishafika, nikachomoa namba kwenye kilichokuja, nikaiweka kwenye skrini. Nilikuwa naamini kwamba tukio likiita mara moja basi ni sentensi moja imefika. Nikaweka logi, yaani faili la kumbukumbu, ya kila kipande kinachoingia, nikakaa pale kwenye kiti cha karani nikasoma:

ST,GS,+01
84.50kg
ST,GS,+018
4.50kg
ST,GS,+0184.50kg

Hapo ndio nikaelewa. Sentensi inakatwa popote, na programu yangu kila kipande ilikuwa inakiona ni uzito kamili, kwa hiyo namba kwenye skrini ilikuwa inaruka 1, 84.50, 18, 4.50, 184.50, haraka haraka, na kumbe hata mimi niliona ile kurukaruka siku nafunga nikadhani ni jukwaa linatikisika. Karani akibonyeza Hifadhi wakati imesimama 4.50 atashtuka, ila 84.50 ni gunia la kawaida kabisa, foleni ndefu, nani atashtuka.

Poti ya siriali haijui sentensi, inajua baiti tu, inazitiririsha kama maji ya bomba na wewe ndio unapaswa ujue ndoo moja inaishia wapi. Piga hesabu: kasi ya biti 9600 kwa sekunde, kila baiti inabeba biti 10 ukijumlisha ya kuanzia na ya kumalizia, ni baiti 960 kwa sekunde, sentensi ya baiti 18 inachukua karibu milisekunde 19 kupita kwenye waya. Sasa laptop hazina poti hizo siku hizi, tunatumia adapta ya USB, na adapta zenye chipu ya FTDI kwa kawaida zinasubiri milisekunde 16 ndio zinapeleka zilichokusanya. Sentensi ya 19 kwenye kikapu cha 16, mara nyingi itakatika! Na nyumbani nilikuwa najaribu na com0com, ile inayotengeneza poti mbili za kufikirika ndani ya kompyuta hiyo hiyo, nikituma mstari unafika mzima mzima, kwa hiyo wiki yote ile nilikuwa sijajaribu kitu chochote.

Dawa ya kwanza ambayo utapewa na watu ni kuilaza programu kidogo, weka Thread.Sleep, amri ya kusubiri, ya milisekunde 50 afu ndio usome. Usifanye. Nililijaribu, makosa yakapungua, na hiyo ndio hatari yenyewe, maana kosa linalotokea mara moja kwa siku ni baya kuliko linalotokea kila dakika, hili la kila dakika utaliona. Muda haukwambii sentensi imeisha, CR na LF ndio zinakwambia.

Kinachofanya kazi ni bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ya kukusanyia baiti zinazoingia. Kila kinachoingia, hata kiwe baiti moja, unakibandika mwisho wa bafa bila kukitafsiri. Afu unatafuta CR na LF. Zipo? Kata kuanzia mwanzo mpaka hapo, hiyo ndio sentensi, ipeleke ikakaguliwe, rudia kutafuta maana zinaweza kuwemo mbili au tatu, na mkia uliobaki uache pale pale usubiri wenzake. Mkia ndio watu wanaufuta, wanasafisha bafa yote kila wakimaliza kusoma, na hapo umetupa kichwa cha sentensi inayofuata. Sentensi ya kwanza baada ya kufungua poti itupe, huenda umeingia katikati. Na bafa ikizidi kama baiti 200 bila kuona mwisho wa mstari, futa yote uanze upya, hizo ni takataka.

Ukaguzi nao nimeuweka mkali. Bila CR na LF lazima iwe herufi 16 kamili, ianze na ST, iishie na kg, alama za mkato mahali pake, tarakimu mahali pake, la sivyo haihesabiki. Lakini mizani hii haitumi namba ya kujihakiki mwishoni, kwa hiyo tarakimu moja ikiharibika njiani sentensi bado inaonekana nzuri tu, 184 inaweza kuwa 194. Ndio maana Hifadhi haifunguki mpaka zije sentensi tatu mfululizo zenye ST na uzito ule ule, ambazo ni kama theluthi ya sekunde, karani hata hahisi.

Kitu kingine ambacho kiliniuma nilipokigundua, na hiki hakikuwa kimemdhuru mtu bado: waya ukichomoka, namba ya mwisho ilikuwa inabaki kwenye skrini. Fikiria, magunia ya mtu mwingine yamepanda, skrini inaonyesha uzito wa aliyetangulia. Sasa kila sentensi nzima inawekewa saa yake, ikipita sekunde moja hakuna mpya skrini inageuka vistari ----- na kitufe kinafungwa. Namba ya zamani isionekane kabisa, hata kwa rangi ya kijivu, mtu ana haraka hatatofautisha rangi.

Mengine kwa kifupi. DataReceived haiiti kwenye uzi wa skrini, yaani ile sehemu ya programu inayochora skrini, kwa hiyo kubadilisha maandishi tumia BeginInvoke, ambayo haisubiri, ukitumia Invoke, ambayo inasubiri, siku ya kufunga poti nyuzi mbili zinaweza kusubiriana na programu ikaganda. Mipangilio ya biti isome kwenye indiketa yenyewe usikisie, kuna mizani nyingi zinakuja na biti 7 na pariti shufwa (biti moja ya ziada ya kukagua makosa), ukiweka 8 bila pariti utaona herufi za ajabu. Adapta zenye chipu ya CH340 ukihamisha tundu la USB, jina la poti linaweza kubadilika, COM3 ikageuka COM7, kwa hiyo programu ipitie poti zote itafute ile inayotoa sentensi sahihi. Waya usizidi mita 15, na usiupitishe sambamba na waya wa jenereta, sisi tulikuwa tumeufunga nao pamoja kwa tepu tukauhamishia ukuta wa pili.

Na kila risiti sasa inahifadhiwa na sentensi yake ghafi kama ilivyotoka kwenye waya, pamoja na saa. Stika ya Wakala wa Vipimo iko kwenye mizani, kwenye programu yangu hakuna, kwa hiyo mtu akirudi kuuliza nataka nimwonyeshe mizani ilisema nini, sio mimi nilisema nini.

Kabla ya kurudisha toleo jipya niliandika kaprogramu kengine ka kuigiza mizani, ila haka kanakata sentensi vipande. Sentensi ya baiti 18 ina sehemu 17 za kukatika, nikaikata kwenye kila moja, nikapumzisha milisekunde 30 kati ya vipande, nikatuma pia baiti moja moja, nikatuma sentensi tatu zimeshikana, nikageuza tarakimu kwa makusudi, nikachomoa adapta katikati. Niliiacha usiku kucha kwenye poti mbili za kweli zilizounganishwa kwa waya, safari hii bila com0com. Asubuhi nikafungua logi, 184.50 zote zimefika 184.50, na zile nilizoziharibu makusudi hakuna hata moja iliyofungua kitufe. Saa mbili nikapanda gari kwenda Isyonje.