Ukuta wa Amboni ndani ya kasha la vioo

Mama alinikuta uani nachonga boksi jeupe la samaki, lile jepesi la kuwekea barafu, nililolipata soko la Deep Sea hapa Tanga, liwe ukuta wa mawe ndani ya kasha la vioo la mjusi wangu. "Wallahi mwanangu, mijusi wamejaa dari zima, wewe huyo mmoja unamjengea jumba?" Sikumjibu. Nilikuwa kwenye mfereji wa tatu, naiga mikunjo ya mawe ya chokaa ya mapango ya Amboni.

Kisu cha moto kinakata vizuri ila moshi wake ni sumu. Nikarudi kwenye kisu baridi na msasa. Kisha saruji nyepesi kama uji, mkono wa kwanza. Ikauka. Wa pili mzito kidogo. Wa tatu nikanyunyizia mchanga wa ufukwe wa Raskazone niliousuuza hadi chumvi ikaisha. Rangi nilipaka kwa sponji. Brashi huacha mistari, ukuta ukafanana na wa ofisi.

Mara ya kwanza nilikosea, nikamrudisha mjusi haraka. Saruji mbichi ni kali, maji yake huchoma hata vidole vya fundi. Safari hii niliuloweka ukuta wiki mbili, nabadilisha maji kila siku. (Mama alilitafuta sana beseni lake.)

Jana usiku mjusi kaingia kwenye ufa wa kushoto, nje umebaki mkia tu.