Siku moja gereji: rejeta ya Hilux iliyolishwa mayai na manjano

Ukisema wewe ni fundi magari, watu wanakuuliza ni wa injini au wa umeme. Ukisema wa rejeta, yaani kile chombo cha mbele kinachopoza maji ya injini, wanakujibu, "Aa, wa kuchomelea." Imeisha hapo. Kana kwamba kazi yetu ni kuona tundu, kudondoshea risasi, ile ya kulehemu, na kupokea hela. Mimi niko Chikongola, Mtwara mjini. Kazi hii nimefundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa na kijiwe chake Masasi, na naipenda kwa moyo wote. Nimeona niandike siku moja tu, Jumanne ya wiki iliyopita, ili unayepita barabarani ukaona watu wamechafuka wameinamia pipa la maji ujue pale kinafanyika nini.

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua. Mpwa wangu anayejifunza kazi amenitangulia, ameshafagia na kujaza maji kwenye pipa. Ni pipa la mafuta lililopasuliwa kwa urefu, limelazwa juu ya matofali. Tunakunywa chai na muhogo wa kuchemsha, tunapanga vifaa, tunaanza.

Saa 1:00 hadi saa 4:00

Noah iliyopasuka mpira wa juu wa kupitishia maji ya rejeta, Corolla ya rejeta ya alumini yenye tangi la plastiki lililopata ufa, na Coaster ya wanafunzi iliyokuwa imelegea klipu ya kubania mpira. Mpira tumebadilisha, klipu tumekaza. Mwenye Corolla nimemwambia ukweli kwamba plastiki hailehemiki, gundi itamshikia siku chache tu, atafute rejeta nyingine. Hakufurahi, ila alielewa.

Saa 4:15

Hapa ndipo siku ilipoharibika, au ilipoanza, sijui niseme vipi.

Iliingia Hilux kuukuu ya dizeli, ya miaka ya tisini, inafuka mvuke mbele mpaka dereva kijana alikuwa ametoa kichwa dirishani ili aone njia. Nyuma imepakia magunia ya salfa, dawa ya mikorosho. Mwenye gari alishuka, mzee wa umri wa mjomba wangu, kofia ya kiua kichwani, simu sikioni. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, nina safari ya Tandahimba. Hapo panavuja kidogo tu. Dondoshea risasi, dakika kumi, niondoke."

Asiye wa huku anaweza kumwona mzee huyu msumbufu bure. Lakini huu ni msimu wa kupuliza mikorosho. Ua la mkorosho likishapigwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, hakuna korosho hapo, na salfa ikichelewa haina kazi tena. Haraka yake ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba rejeta haijui msimu.

Mpwa wangu alishanyoosha mkono kuelekea kwenye kifuniko. Nikamzuia. Mzee akang'aka, "Sasa mnasubiri nini?"

Nikamweleza. Maji ya kwenye gari hayachemki kama ya sufuria. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoyabana, na gari kama lile hubana kiasi cha baa 0.9 (baa ni kipimo cha mbano) juu ya hewa ya kawaida. Yakibanwa hivyo, maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanafika kwenye 118 hivi ndipo yachemke. Ukifungua kifuniko ghafla, ule mbano unaondoka, na maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa mara moja na kukurukia usoni. Kuna fundi jirani yangu ana kovu kuanzia kidevuni mpaka kifuani kwa ajili ya mteja mwenye haraka.

"Kwa hiyo tunakaa?"

"Tunakaa mzee wangu. Karibu kiti."

Hakukaa. Alizunguka gari. Alimpigia mdogo wake aliyeko Dar es Salaam, akaweka spika ili nami nisikie: mdogo wake anasema fundi wa kweli angemwagia maji ya baridi injini ipoe. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, inaweza kupasuka, na huo utakuwa msiba mwingine kabisa. Simu ikakatwa. Akampigia mtu mwingine. Yote haya mimi nasema "ndiyo mzee", "sawa mzee", kwa sababu kwetu huwezi kumpandishia sauti mtu wa rika la mjomba wako, hata akikuita mwizi. Na aliniita, kwa kuzunguka zunguka: "Mafundi wa siku hizi mnavuta muda ili bei ipande."

Injini ilipokubali mkono, tulifungua. Kifuniko kilikuwa kimefungiwa mfuko wa plastiki kwa ndani, mpira wake umekatika vipande. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yenye vipande vya kitu cheupe na harufu ya mchuzi. Nikamwangalia dereva. Dereva akaangalia chini.

"Mmeweka nini humu, mdogo wangu?"

Mayai. Fundi mmoja wa Lindi aliwaambia yai bichi likiingia kwenye maji ya moto linaganda na kuziba tundu. Mwingine akaongeza manjano. Mwingine akaja na gundi ya chuma, akaibandika nje kama kiraka. Na themostati, kilango cha maji ya injini, ilishatolewa zamani, ati inazuia maji kupita.

Mayai na manjano huziba kweli, siwezi kukataa. Lakini yai halina macho ya kuchagua tundu la kuziba. Linaziba penye kuvuja, na linaziba pia mirija membamba ambayo maji yanapaswa kupita ili yapoe. Ukishaongeza maji ya kisima cha huku pwani yenye chumvi na chokaa, mirija inajijengea ukoko kwa ndani kama birika la miaka mingi. Maji yakikosa njia, joto linapanda. Joto likipanda, mbano unapanda. Mbano ukipanda, mshono dhaifu unaachia. Kwa hiyo lile tundu alilokuwa ananionyesha mzee lilikuwa matokeo ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ndani. Hili ndilo jambo nililohangaika nalo siku nzima kumweleza, kwa njia zote ninazozijua.

Kabla ya kufungua bolti hata moja, nilijaza maji, nikamwambia dereva awashe, nikachungulia shingoni mwa rejeta. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoiziba na injini, ikiwa imekufa, moshi wa injini huingia kwenye maji na utaona mapovu yanapanda mfululizo. Nikavuta pia kijiti cha oili: ingekuwa imegeuka kama maziwa, ningemwambia mzee safari imeishia hapa. Mapovu hayakuwepo. Oili ilikuwa nyeusi ya kawaida ya dizeli. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na mzee kwa mara ya kwanza akaniuliza kwa nini.

Saa 6 na kitu

Rejeta iko nje. Tumemwaga maji kwenye dumu, tumetoa mipira miwili, kava la feni na bolti zake. Gundi ya chuma imetuchukua muda mrefu kuikwangua kuliko kazi nyingine yote ya kufungua. Tukaziba midomo yake, tukasukuma hewa kidogo kwa pampu, tukaizamisha kwenye pipa. Hapa ndipo watu husimama kutazama, na hata mzee alikuja. Mapovu yalitoka sehemu mbili: palipokuwa na kiraka, na kwenye mshono wa tangi la juu, upande ambao hakuna aliyewahi kuugusa.

"Unaona mzee? Ningedondoshea risasi pale pa kwanza, ungeishia Mnivata, njiani."

Hakujibu. Akaomba kiti.

Niliyeyusha mshono, nikafungua tangi la juu. Nimeona rejeta nyingi, lakini ile ilinisikitisha. Zaidi ya nusu ya mirija ilikuwa imejaa uji mgumu wa manjano uliochanganyika na kutu na ukoko. Rejeta za shaba za zamani zina heri hiyo moja, zinafunguka. Unachukua ubapa mwembamba wa chuma, unaupitisha mrija mmoja baada ya mwingine, taratibu, kwa sababu ukuta wa mrija ni mwembamba na ukilazimisha unatoboa. Mpwa wangu alipitisha mstari wa kwanza, nikapitisha wa pili, tukapokezana hivyo hivyo. Jua lilikuwa kali, upepo wa kusi unatupulizia majivu ya jiko. Mgongo unauma ukiinama, unauma zaidi ukinyooka. Chakula cha mchana kilipita bila sisi. Mama anayetuletea wali na samaki aliviacha vyombo juu ya meza, akafunika, akaenda.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika kwenye kulehemu. Labda saa tisa.

Nieleze hapa kidogo, maana ndipo ufundi ulipo. Risasi haishiki shaba chafu hata ungeipikia siku nzima. Lazima ukwangue mpaka shaba ing'ae, halafu upake dawa. Dawa yetu ni asidi iliyolishwa zinki mpaka iache kuchemka, na zinki tunaipata kwenye maganda ya betri kuukuu za tochi. Inatengenezwa nje, mbali na moto, kwa kuwa hewa inayotoka pale inawaka. Baada ya dawa unapaka risasi nyembamba kwanza pande zote mbili, kisha ndipo unaunganisha. Mchanganyiko wa bati na risasi tunaoutumia unayeyuka chini ya nyuzi 200, kwa hiyo moto ukizidi mahali pamoja, mshono wa jirani ulio mzima nao unaachia. Ndiyo maana utaona nimezungushia matambara mabichi kila upande. Yule mzee aliuliza kama naifunika rejeta isipate baridi. Nikamweleza, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

Tukazamisha tena. Povu moja, kwenye kona. Nikarudia kona. Tukazamisha. Kimya. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, risasi ni sumu na haiingii tumboni kwa bahati mbaya bali kwa uzembe, ndipo nikala ule wali uliopoa.

Vita ya mwisho ilikuwa ya vifaa. Nilimwambia anunue kifuniko kipya, themostati na kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Akasema huo sasa ni wizi wa mchana: tundu limezibwa, kifuniko cha nini? Na kulanti ni ya nchi za barafu, Tandahimba kuna barafu?

Kifuniko kisichobana kinashusha kiwango cha kuchemka mpaka nyuzi 100 zile za sufuria, na gari lenye mzigo mlimani linazifikia bila shida. Themostati hufunga maji mpaka injini ipate joto, kwenye nyuzi 82 hivi, halafu hufungua. Bila hiyo dizeli inafanya kazi baridi, inakula mafuta na kuchakaa. Kulanti huku kwetu hatuitafutii barafu. Inazuia kutu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji safi. Nikamwonya dereva kwamba ni tamu na ni sumu, asiache kopo wazi penye watoto au mbuzi.

Kilichomgeuza mzee ni neno la maji tu. Nilimuuliza, "Likichemka huko juu, maji utamwomba nani?" Mtu wa uwanda wa Makonde, ziliko Tandahimba na Newala, halazimiki kuelezwa hilo mara mbili. Maji ya Newala yanapandishwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni, na kuna vijiji ndoo moja ni shughuli ya asubuhi nzima. Kumwomba mama aliyebeba ndoo kichwani ayamwage kwenye gari lako ni aibu. Akatoa pesa. Mpwa wangu akakimbia dukani.

Giza lilikuwa linaingia tulipofunga bolti ya mwisho. Tulipandisha pua ya gari juu ya kilima kidogo cha mchanga ili hewa itoke, tukajaza polepole huku injini inanguruma, tukabana mpira wa chini kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Nilikwenda nao mpaka Mikindani na kurudi, mzigo ukiwa mgongoni. Mshale wa joto ulipanda mpaka chini kidogo ya katikati, ukakaa hapo.

Mzee alilipa elfu sabini ya kazi. Tulikuwa tumekubaliana themanini. Nilimwambia, "Mzee, bado kumi," akacheka, akaitoa mfukoni ikiwa imeshakunjwa tayari.

Saa 5 kasoro usiku dereva alinipigia, wamefika, mshale haujasogea. Akauliza kesho aongeze maji lini. Nikamwambia asubuhi, kabla hajawasha na injini ikiwa baridi, afungue kifuniko aangalie. Akikuta yamepungua asiongeze chochote mpaka anipigie.