Poka barazani: anza kwa kutupa karata

Aliyekulia kwenye michezo ya turufu akikaa kwenye poka huja na mazoea yanayomponza: kila akigawiwa, hucheza. Kwenye turufu hana hiari. Poka ya Texas Hold'em, yenye karata mbili mkononi na tano za pamoja mkekani, inakuruhusu kuziacha. Mkiwa sita, anayeanza atupe angalau mara tatu katika kila nne, bila kuona haya.

Madau kwanza. Kete za bao ziko karibu kila baraza ya Malindi, lakini msizichukue. Ziko 64, mkiwa wanne kila mmoja anapata 16, na madau ya lazima yakiwa 1 na 2, mchezo unageuka wa kusukuma zote mara moja. Hesabuni kunde 100 kwa kila mtu. Na zibaki kunde: zikiwa shilingi, hiyo ni kamari, na hesabu nzuri haimkingi mtu nayo.

Karata za kuingia nazo zinategemea umekaa wapi. Ukiwa wa kwanza kusema, cheza jozi kuanzia 8 kwenda juu, ree na mfalme, ree na malkia, basi. Ukiwa wa mwisho umeshaona wenzako wamefanya nini, kwa hiyo waweza kuongeza jozi ndogo, au ghulamu na 10 za namna moja. Jozi yoyote huja mara 1 katika 17. Ree mbili, mara 1 katika 221. Anayezisubiri hizo tu atachoka, ila anayeingia na ree na 4 ataumia zaidi: ree ikitoka mkekani, mwenye ree na malkia anamchukulia kunde zake zote kwa ile karata ya pili.

Sasa tuje kwenye kufuata dau, maana hapa ndipo kunde nyingi zinapopotea. Una ree na 6 za kopa. Mkekani zimetoka malkia wa kopa, 4 ya kopa na ghulamu wa pau. Katikati pana kunde 30, mwenzako anaweka 15. Ufuate?

Unachosubiri ni kopa moja zaidi, ufikishe karata tano za namna moja. Kopa ziko 13, nne unaziona, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 47. Tisa katika 47 ni kama asilimia 19. Unaombwa 15 ili kuwania 45, kwa hiyo unahitaji asilimia 25 (15 katika 60, ukijumlisha na zako). Kwa karata moja ijayo, bei ni ghali. (Ree nyingine yaweza kukuokoa pia, lakini usiitegemee, pengine mwenzako ana jozi mbili.)

Mambo mawili yanabadilisha jibu. Kama hizo 15 ndizo kunde zake za mwisho, utaona karata zote mbili zilizobaki bila kulipa tena, nafasi yako inapanda hadi asilimia 35, na unafuata bila kusita. Kama bado ana nyingi, fuata ukiamini kopa ikitoka utamtoa nyingine 19 au zaidi. Lakini kopa tatu zikiwa wazi mkekani, mchezaji makini hushtuka na kutupa. Kwa mtu wa namna hiyo, weka karata zako chini.